Baba, picha ikishatumwa inafutika?

Mimi ni fundi simu, mwaka wa 17 huu. Wateja wangu wengi huja na vioo vilivyopasuka, betri zilizovimba na simu zilizodumbukia kwenye ndoo ya maji. Ila lipo kundi la watu ambao simu zao hazina ubaya wowote. Mtu anaiweka simu mezani polepole, anageuka kuangalia kama kuna anayesikiliza, halafu anashusha sauti: "Fundi, hii ni ya mwanangu. Nifungulie nione anachati na nani."

Nimefungua nyingi, sitawaficha. Patani, ile kufuli ya kuunganisha vidoti kwa kidole, ndiyo rahisi kuliko zote. Unaiinamisha simu chini ya taa, unatafuta pembe ambayo mwanga unateleza juu ya kioo, na njia ya kidole inajitokeza yenyewe, mstari wa mafuta kutoka kona hadi kona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliliandikia jambo hilo mwaka 2010. Sisi wa mezani tulikuwa tunaliona tu. Nilipenda kuimaliza kazi hiyo kabla mzazi hajamaliza kueleza shida yake, aone ninavyojua. Anaondoka na simu iliyofunguliwa, mimi narudi kwenye betri zangu. Kilichotokea nyumbani kwake usiku ule sikukijua, na sikuuliza.

Baba mmoja alitaka zaidi ya kufunguliwa. Alitaka programu ya kupeleleza, ile inayojificha ndani ya simu ya mtoto na kupeleka kila meseji kwenye simu ya mzazi. Nikamwekea. Miezi miwili baadaye akarudi na binti mwenyewe, pamoja na simu mbili: ile niliyoitia jicho, na nyingine kuukuu, haina hata mfuniko wa nyuma, ambayo binti alipewa na rafiki yake. Ile ya kwanza alikuwa ameiachia maswali ya hesabu na salamu kwa shangazi. Maisha yake yote yalikuwa kwenye ile ya pili. Nilimuuliza alijuaje. Akanijibu bila kunitazama kwamba simu ilikuwa inapata moto mfukoni wakati haiitumii, na chaji inaisha kabla ya saa nane mchana. Yaani alifanya uchunguzi ambao mwanafunzi wangu wa ufundi alihitaji miezi sita kuujua.

Na programu zenyewe hizo si za kuamini. Kampuni kadhaa zinazoziuza zimeshavujisha kumbukumbu za wateja wao, meseji na picha humo humo. Mzazi anaogopa mambo ya mwanawe yasionwe na watu wabaya, kisha anayapakia mwenyewe kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua hata kwa sura.

Lakini hayo ni ya watu. Ninalotaka kuandika leo ni la nyumbani kwangu, na nimemwomba ruhusa mwenye nalo. Alinipa masharti matatu: nisitaje jina lake, nisitaje jina la gemu, na nisimfanye aonekane mjinga. Hakuwa mjinga. Mjinga yumo kwenye habari hii, mtamwona.

Nyumba yangu ilikuwa imefungwa barabara. Simu za watoto zilikuwa kwenye udhibiti wa familia, ule ambao Google waliuleta mwaka 2017 na Apple wakaleta wa kwao mwaka uliofuata. Saa tatu usiku simu zinajifunga. Programu mpya haiingii mpaka niikubali kwenye simu yangu. Hakuna kununua kitu bila mimi. Ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, nimeielekeza kwenye ile huduma ya Cloudflare yenye namba 1.1.1.3, iliyoanza mwaka 2020, inayokataa tovuti chafu kabla hazijafika kwenye skrini. Ni bure, na kuiweka ni kazi ya dakika tano. Nilikuwa nawaeleza wateja haya yote kwa majivuno ya mtu aliyetia kufuli tatu kwenye mlango mmoja.

Kulikuwa na gemu moja ambalo kijana wangu, wakati huo ana miaka 14, aliniomba nilikubali. Nikaangalia: halina damu nyingi, halina mambo ya aibu, umri wake unaruhusiwa. Nikabonyeza kukubali nikiwa nimesimama. Sikujua kwamba ndani yake mlikuwa na chumba cha kuongea, na kwamba mtu yeyote duniani angeweza kuingia humo na kumsalimia mwanangu.

Mmoja akaingia. Alianza kwa kumpa zawadi: vazi la mchezaji, lile linalong'aa, ambalo watoto hulilia. Kisha wakawa wanacheza upande mmoja. Mtu huyo alijiita msichana wa miaka 15, na alikuwa hodari kweli kwenye gemu, jambo ambalo kijana wangu bado analisema kwa heshima fulani. Wiki ya pili wakahamia kwenye programu nyingine ya kuchati, eti kwa sababu gemu linakata maneno. Hiyo programu ilikuwa tayari kwenye simu, maana ndiyo aliyoitumia kuongea na binamu zake. Wiki ya tatu "msichana" akaomba picha. Kijana akatuma ya kawaida kabisa, amevaa shati la shule, anatabasamu.

Nasisitiza hapo, kwa sababu wazazi wengi huniambia, "Mimi wangu nimemfundisha, hawezi kutuma picha mbaya." Wangu pia hakutuma. Ile picha ya shati la shule ilirudi usiku uleule ikiwa ni picha ya aibu, sura yake, mwili si wake, kazi ya programu ya akili unde. Chini yake ikaja orodha: majina ya wanafunzi wenzake, ya shangazi yake, ya mwalimu wake mmoja, vyote vimechotwa kwenye akaunti yake nyingine ambayo orodha ya marafiki ilikuwa wazi kwa kila mtu. Halafu masharti: anunue kadi za zawadi, atume namba zake, la sivyo wote hao wataiona.

Sasa nirudi kwangu, mezani.

Siku iliyofuata, saa za jioni, nilikuwa nalehemu tundu la chaji. Kazi hiyo haitaki mkono kutikisika; ukizidisha moto kidogo unaunguza njia za umeme na simu ya mtu imekufa. Kijana akaja akasimama upande wa kushoto wa meza. Akauliza:

"Baba, picha ikishatumwa inafutika?"

Sikuinua macho. Nikamjibu jibu ninalowapa watu wote, tena nililipenda. "Haifutiki, mwanangu. Ukifuta kwako, mwenzako ameshaihifadhi. Kitu kikiingia mtandaoni kimeingia. Mtandao hausahau."

"Sawa, baba."

Akasimama kidogo. Nakumbuka alisimama, kwa sababu kivuli chake kilikuwa juu ya kazi yangu na nikamwambia asogee. Akasogea. Akaondoka.

Kesho yake akaniomba kazi. Alitaka kunisaidia baada ya shule, nimlipe kidogo kidogo. Nilifurahi jamani! Nilimpigia kaka yangu simu kumwambia mtoto ameanza kupenda ufundi. Nikamfundisha kubandika protekta bila kuacha povu la hewa, nikamfundisha kupanga skrubu kwenye sumaku kwa mpangilio wa kuzifungulia. Alikuwa na bidii ya ajabu. Kila jioni aliniomba malipo yake papo hapo, na mimi nikaona hiyo ni akili ya biashara.

Siku ya tatu simu yake ilitetemeka juu ya meza. Naye akatetemeka. Sitafuti mfano hapo, ndivyo ilivyokuwa: skrubu aliyokuwa ameishika kwa kibano, ndogo kama punje ya mtama, ikaruka ikapotelea sakafuni. Simu ikatetemeka tena. Nikauliza ni nani. Akasema hakuna mtu.

Nikainyakua. Hilo ndilo kosa langu la pili, na nililifanya mbele ya mteja. Kijana akatoka mbio, akaniacha na simu iliyofungwa mkononi. Nikaiinamisha kwenye taa. Ndiyo, nilifanya hivyo, kwa mwanangu, kama nilivyowafanyia watoto wa watu.

Meseji za mwisho zilikuwa vitisho vitupu, saa zimehesabiwa. Nikapandisha juu kuona ilikoanzia. Nikafika kwenye usiku ule wa picha. Kijana alikuwa ameandika, "Tafadhali ifute." Yule mtu akamjibu: "Haifutiki. Ikishatoka imetoka. Muulize mtu yeyote anayejua mambo ya simu."

Naye akaenda kumuuliza mtu anayejua mambo ya simu.

Nilikaa kwenye kile kiti muda mrefu, mteja akachoka akaondoka.

Nilipofika nyumbani mkono wangu ulikuwa unataka kitu kimoja tu: kuiflashi ile simu, ifutike yote, iwe kama mpya. Ndiyo dawa ninayoijua. Mama yao akanitazama nikitafuta waya na kompyuta, akasema, "Weka hiyo simu chini. Mtoto kwanza." Akaenda kumkuta kijana chumbani, mlango akauacha nusu wazi, na neno la kwanza nililomsikia akisema ni, "Hujafanya kosa lolote." Hata hakuwa anajua habari yenyewe yote. Alilisema tu. Na kijana akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ana miaka saba.

Kama ningeiflashi ningekuwa nimemfutia yule mhalifu nyayo zake. Kwa hiyo hili nalisema kama fundi: usifute. Usifute mazungumzo wala akaunti, na usiniletee mimi simu niirudishe kuwa mpya. Piga picha za skrini za vitisho, za jina la akaunti yake, kiungo cha ukurasa wake, tarehe na saa, namba au kadi alizotaka. Ile picha ya aibu yenyewe usiipige wala usiipeleke kwa mtu, hata kwa kaka yako kwa nia ya kuomba ushauri. Picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa la jinai kuisambaza katika nchi nyingi, na kila aliyeiona ni jicho moja zaidi mtoto atakaloliogopa. Ukishahifadhi ushahidi, ripoti akaunti ndani ya programu yenyewe, mbloki, kisha nenda polisi. Nchi nyingi zina pia namba ya bure ya kusaidia watoto, na wanaopokea simu hizo wameshazisikia habari hizi mara nyingi, hawatashtuka.

Na usilipe. Sisi tulikuta ameshatuma kadi mbili, za pesa aliyoipata kwangu kwa kubandika protekta. Baada ya ya kwanza dai liliongezeka mara mbili ndani ya saa moja. Ukilipa umemthibitishia kwamba pesa ipo na hofu ipo. FBI ya Marekani imekuwa ikitoa onyo kuhusu mtindo huu kwa miaka kadhaa sasa, na inasema wanaolengwa zaidi kwa ajili ya pesa ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Mimi na mama yao tulikuwa na binti wawili tuliowalinda kama mboni ya jicho. Kijana tulimwambia awe mwanaume, basi.

Tulipombloki, yule mtu alirudi kwa akaunti nyingine mara mbili. Hatukumjibu. Halafu kimya. Kwa kadiri tunavyojua hakuituma kwa yeyote. Wengine hutuma, sitaki mtu ajidanganye kwamba habari hizi huisha vizuri kila mara.

Sasa lile jibu langu.

Nilipotulia nilianza kutafuta kama ni kweli picha haifutiki, na nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nasema jambo la kazi yangu bila kulichunguza. Tangu mwaka 2023 kuna huduma inaitwa Take It Down, inaendeshwa na NCMEC, shirika la Marekani la watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, lililoanzishwa mwaka 1984. Ni bure, haiulizi jina, na mtu wa nchi yoyote anaweza kuitumia kwa picha aliyopigwa akiwa chini ya miaka 18. Kilichonishangaza ni namna inavyofanya kazi. Huipeleki picha kokote. Unaichagua ukiwa kwenye simu yako, na simu hiyohiyo inaipiga hesabu na kutoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole ya picha ile. Alama ndiyo inayoondoka, picha inabaki kwako, na kutoka kwenye alama huwezi kuirudisha picha. Mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, hupewa alama hizo. Ikikuta kitu chenye alama ileile inaweza kukiondoa au kukizuia kisipande. Wazo lenyewe la kuitambua picha kwa alama yake si geni, Microsoft na Chuo cha Dartmouth walitengeneza PhotoDNA kwa kazi ya namna hiyo tangu 2009, ila hapa amekabidhiwa mtoto mwenyewe.

Ina mipaka yake. Mtandao ambao haukujiunga hauguswi. Mazungumzo yaliyofungwa kwa msimbo, yale yanayosomeka na wanaochati tu, hayaonekani. Mtu akiikata picha pembeni au akibandika kikatuni juu yake inaweza kuhesabika kuwa picha mpya, ikahitaji alama nyingine. Kwa waliotimiza miaka 18 kuna StopNCII, iliyoanza 2021, inatumia mbinu hiyo hiyo. Na msichanganye huduma hii na sheria ya Marekani yenye jina lilelile, iliyotiwa saini Mei 2025, inayoyataka majukwaa yaondoe picha za faragha zilizowekwa bila ridhaa, pamoja na zile za kughushi, ndani ya saa 48 baada ya mhusika kuomba. Majina yamegongana, kazi ni mbili.

Kwa hiyo jibu sahihi pale mezani lingekuwa: mara nyingi kuna la kufanya, tena mapema zaidi ni bora, imekuwaje? Maneno hayo hayazidi sekunde tano. Risasi ya kulehemu isingepoa.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza tunavyowatisha watoto. Shuleni, kwenye semina, kwenye makundi ya wazazi, sentensi ni moja: ukituma umejimaliza, haifutiki, itakufuata mpaka kaburini. Tunadhani tunamzuia asitume. Labda tunamzuia. Lakini yule ambaye tayari imemtokea, anayekaa nyuma ya darasa na simu inayotetemeka mfukoni, anasikia mwalimu anathibitisha kila neno la mtu anayemtesa. Yule mhalifu hana silaha nyingine. Mara nyingi hajui mnakokaa, yuko bara jingine. Ana sentensi hiyo tu, na sisi tunamsaidia kuisema.

Hofu zetu zenyewe hatuzichagui vizuri. Mnakumbuka mwaka 2019, lile lisura la kutisha la macho yaliyotokeza, eti linajitokeza kwenye video za watoto na kuwaamrisha wajidhuru? Wazazi walipanga foleni kwangu nilitoe kwenye simu. Sikulikuta hata kwenye simu moja. Ilikuwa picha ya sanamu ya msanii wa Japani, Keisuke Aiso, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 2016, na mashirika ya watoto ya Uingereza yalisema wazi hayakuwa na ushahidi wa mtoto aliyedhurika. Foleni ile ilidumu karibu wiki. Sijawahi kupata foleni ya wazazi wanaoniuliza nani anaweza kumwandikia mtoto wao ndani ya gemu.

Hilo ndilo ninaloanza nalo siku hizi, mtu akiniletea simu ya mtoto. Kwanza simgusii patani, nilishaacha. Namwambia arudi na mtoto mwenyewe, tukae watatu. Wengi hukasirika na kwenda kwa fundi mwingine, ambaye atawafungulia, sina la kufanya. Wanaorudi tunafungua mipangilio ya gemu kwanza: nani anaruhusiwa kutuma ujumbe, nani anaruhusiwa kualika. Kwenye magemu mengi unaweza kuweka marafiki tu, au kuzima kabisa. Kisha orodha ya wanaomfuata, ifichwe. Kisha kamera, kwenye kipengele cha mahali. Hapo huwa naichukua picha moja ya mtoto na kuifungulia maelezo yake, na ramani inatokea ikiwa na kidoti juu ya nyumba yao. Watoto hukaa kimya, wazazi ndio wanaosema "Eh!" Programu nyingi za kuchati huondoa maelezo hayo picha inapopita kwa njia ya kawaida, ukiituma kama faili, yanaweza kwenda nayo.

Kabla ya yote hayo namuuliza mzazi swali moja mbele ya mtoto: akikwambia kuna jambo baya limemtokea humu, utafanya nini? Asilimia siwezi kuwapa, lakini jibu la kwanza karibu kila mara ni "Namnyang'anya." Basi namwangalia mtoto, naye ananiangalia, na sote wawili tunajua kwamba hatasema. Mama mmoja, yule aliyekuja akanong'ona "nifungulie" mwezi uliopita, alifikiri sana kabla ya kujibu. Akasema, "Nitapiga kelele. Halafu nitajuta. Halafu nitarudi." Binti yake akacheka. Nadhani hao wataelewana.

Kufuli sijazitoa nyumbani kwangu. Mdogo wao wa mwisho ana miaka tisa, na kwa umri ule kufuli zinafanya kazi yake: hazimpi duka, hazimpi usiku, hazimpi mtu asiyemjua. Kijana nimemfungulia baadhi, tulikaa tukakubaliana. Wazazi huniuliza sana kuhusu umri, na wengi wanaamini ile miaka 13 ya mitandao ni umri ambao wataalamu wa watoto walikaa wakaupima. Imetoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika 2000, kuhusu kampuni kukusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka hiyo bila idhini ya mzazi. Ni sheria ya taarifa, haisemi lolote juu ya nani amekomaa. Australia wamepandisha hadi 16 kuanzia tarehe 10 Desemba 2025 na kuyabebesha majukwaa mzigo wa kuhakikisha. Mimi nina shaka na umri wowote ambao mtoto anaujaza mwenyewe kwenye kisanduku, lakini nitaangalia wanavyokwenda.

Kijana bado anakuja mezani baadhi ya jioni, sasa kwa hiari yake. Ile skrubu aliiona mwenyewe wiki mbili baadaye, imeingia kwenye ufa wa mguu wa meza. Ameibandika kwa gundi juu ya kasha la vifaa vyangu, hakusema kwa nini.

Juzi nilikuwa tena kwenye tundu la chaji, risasi imeyeyuka, ile sehemu ambayo hupumui. Mdogo wao akaja upande uleule wa kushoto.

"Baba, nikuulize kitu cha mtandaoni?"

Nikaweka chuma cha kulehemu kwenye kishikio chake. Nikazima. Nikavua miwani ya kukuzia, nikageuza kiti kizima mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Risasi ikaganda vibaya, nikaisikia inaganda. Moyo unanidunda.

"Niulize, mwanangu."

"Paka wetu anaweza kufungua akaunti?"

Nikamuuliza paka ana miaka mingapi. Akahesabu kwa vidole, akasema minne. Nikamwambia bado, asubiri kidogo.